Kwenye Kisahani Kila Mmea Unafanya Kazi

Asanteni, asanteni sana, kaeni tu.

Kabla sijapanda hapa mbele kuna mama mmoja, yuko pale upande wa dirishani, kanishika mkono akaniuliza, mwanangu, wewe si ndo unashughulika na mambo ya mimea na kinga ya mwili, hebu niambie kwa neno moja tu, manjano yanashusha inflamesheni au hayashushi? Nikamwambia mama yangu, nipe nusu saa. Sikuwa namkwepa. Nikimjibu ndiyo ninao ushahidi wa kumwonyesha, nikimjibu hapana ninao pia, na zote mbili zimetoka maabara, kwa watu waliosoma na wanaofanya kazi yao vizuri. Sasa inakuwaje? Leo nataka kumjibu huyu mama na nyinyi wengine mkiwa mnasikiliza, kwa sababu najua hilo swali mnalo wengi na kuna watu wanameza vidonge vya mimea kila siku asubuhi wakiamini vinazima moto ndani ya mwili.

Tuanze na inflamesheni yenyewe, maana siku hizi inatajwa kama uchafu fulani ulioingia mwilini unatakiwa utolewe. Karibu miaka 2000 iliyopita Mrumi mmoja anaitwa Celsus aliandika dalili zake nne na mpaka leo wanafunzi wa udaktari wanakaririshwa hizohizo, wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Umejikata, umechomwa mwiba, jino limeoza, ni hizo hizo. Ila nani anazileta? Hilo lilichelewa sana kujulikana. Mwaka 1882 huko Messina, Italia, Ilya Mechnikov alichukua vitoto vya kiti cha pweza, vile vidogo kabisa ambavyo mwili wao uko angavu kama kioo unaona mpaka ndani bila kupasua, akavichoma miiba ya waridi, akasubiri usiku upite, asubuhi akakuta seli zimetembea kutoka kwingine mwilini zimeuzunguka ule mwiba pande zote zinataka kuumeza. Mi kila nikiifikiria hiyo asubuhi nasisimka. Zile ni ndugu wa seli tunazoziita makrofaji, jina lenyewe maana yake mlaji mkubwa, na kazi ile ilimpa Nobel mwaka 1908.

Sasa niruhusuni tuingie ndani ya makrofaji kidogo, vumilieni, maana bila hapa hamtaelewa dawa ya mmea inagusa wapi. Kwenye utando wa seli kuna vipokezi, kimoja kinaitwa TLR4, kazi yake ni kutambua kipande cha ukuta wa bakteria kinachoitwa lipopolisakaridi, Bruce Beutler na wenzake ndo walilionyesha hilo mwaka 1998. Kikishakitambua, ujumbe unashuka ndani, protini moja inampa mwenzake na yeye anampa mwingine mpaka unafika kwa protini inaitwa NF-kapa-B, iligunduliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore. Hii muda wote ilikuwepo, haihitaji kutengenezwa, ila kuna protini nyingine imeikumbatia isiende popote. Ujumbe ukifika, ile iliyoikumbatia inawekewa alama inavunjwavunjwa, NF-kapa-B inabaki huru, inaingia kwenye kiini cha seli, inakalia DNA na kuwasha jeni nyingi kwa mpigo. Zikiwaka hizo seli inaanza kumwaga sitokaini, TNF, IL-1, IL-6, hizi ni kama mbiu, zinaita seli nyingine, zinalegeza kuta za mishipa ya damu ili nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, zipenye, zinaupandishia mwili homa. Na inatengenezwa enzaimu ya COX-2 ambayo ndo inazalisha prostaglandini zinazoleta maumivu.

Na kuna sehemu ya pili ya hadithi ambayo watu wanaisahau. Mambo yakienda vizuri huo moto unazimwa na seli zilezile. NF-kapa-B ikishaingia kwenye kiini, mojawapo ya jeni inazowasha ni ya ile protini ya kuikumbatia tena. Umeona? Inabeba kizimio chake yenyewe. Ugonjwa unakuja pale kizimio kinaposhindwa, moto unabaki unafuka miezi na miaka, kwenye viungo, kwenye utumbo, kwenye kuta za mishipa ya moyo.

Mimea inaingiaje hapo? Kwanza tukubaliane mmea haukututengenezea sisi dawa. Mmea hauwezi kukimbia, wadudu wakija uko palepale, ukungu ukija uko palepale, kwa hiyo umejenga ghala la kemikali za kujilinda, chungu, kali, zenye sumu, za kunukia. Nyingi zimeundwa zishikane na protini za viumbe wengine, na protini zetu hazitofautiani sana na za mdudu, ndo maana zinatushika na sisi. Na kuna moja ambayo mi naipenda sana, asidi ya salisiliki, hii ndani ya mmea wenyewe ni homoni ya kinga, jani moja likishambuliwa inasaidia kuuamsha mmea mzima ujiandae. Ndugu yake, salisini, iko kwenye gome la mti wa wilo unaopenda kuota kandokando ya maji. Mwaka 1763 mchungaji mmoja wa Uingereza anaitwa Edward Stone aliiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha huko, kwamba ameonja gome hilo akashangaa lilivyo chungu, akalikausha, akalisaga, akawapa wagonjwa wa homa kama 50 hivi kila baada ya masaa manne, na homa zikashuka. Salisini ikatengwa mwaka 1828. Mwaka 1897 Felix Hoffmann kwenye kampuni ya Bayer akatengeneza aspirini safi kwa kuibandika ile asidi ya salisiliki kipande kidogo cha asetili. Na ikabidi tusubiri mpaka 1971 ndo John Vane akaonyesha aspirini inafanya nini hasa, inazuia prostaglandini zisitengenezwe. Kile kipande cha asetili kinahamia kwenye enzaimu ya COX na kubaki hapohapo, enzaimu hiyo imekufa. Chembe sahani za damu hazina kiini haziwezi kutengeneza nyingine, kwa hiyo ukimeza leo zile zilizoguswa zinaishi hivyohivyo mpaka zife, siku kama 8 hadi 10.

Angalieni hapo, kati ya barua ya Stone na kazi ya Vane ni miaka 208. Na kilichotufaa mwishoni ni gome lililopita kwa wakemia likabadilishwa. Nalisema hili kwa heshima kubwa kwa waliogundua mmea, wao ndo walioonyesha mlango, ila kati ya mlango na dawa kuna kazi ndefu na ndo hiyo kazi nataka kuieleza sasa, maana ndo kazi ninayoifanya mimi na ndo sehemu ambayo watu wanapotoshwa sana.

Ukisikia mahali "utafiti umethibitisha mmea fulani unapunguza inflamesheni" mara nyingi sana kilichofanyika ni hiki. Mtu kachukua makrofaji za panya, aina moja inaitwa RAW 264.7, zilitokana na uvimbe wa saratani ya panya dume, zinakua kwenye kisahani cha plastiki miaka na miaka hazichoki. Kazimwagia lipopolisakaridi ili ziwake. Kabla ya hapo au pamoja nayo kazimwagia maji ya mmea wake. Kesho yake anachukua kimiminika cha juu anakiweka dawa inaitwa Griess, ambayo inageuka waridi kukiwa na naitraiti, na naitraiti ni alama kwamba seli ilitoa gesi ya naitriki oksaidi, yaani ilikuwa imewaka. Waridi iliyokolea, moto mkubwa. Waridi imefifia, mmea umezima moto. Andika ripoti, nenda nyumbani.

Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza maabara nilipata matokeo ambayo nilidhani yatabadilisha maisha yangu. Kisahani kilichokuwa na lipopolisakaridi peke yake waridi imekolea kabisa, kile chenye mmea wangu kweupe, kweupe kabisa kama maji. Nilipiga picha nikawaonyesha wenzangu. Mwalimu wangu akaja akaangalia hakusema kitu, akachukua kile kisahani akakiweka chini ya darubini akanipisha niangalie. Seli zote zilikuwa zimekufa. Zimejikunja, zimebanduka, zinaelea. Seli iliyokufa haitoi naitriki oksaidi, haitoi TNF, haitoi chochote, kwa hiyo kwenye vipimo vyangu vyote sumu na dawa vilikuwa vinafanana. Toka siku hiyo sisomi ripoti ya mmea wowote bila kwanza kutafuta kama walipima uhai wa seli kwa dozi ileile, na nawaambia kweli, kuna ripoti nyingi ukifika hapo zinapungua nguvu.

La pili lilinichukua muda mrefu zaidi na nadhani ni baya zaidi kwa sababu halionekani hata kwa darubini. Mimea inaota udongoni, inaguswa na mikono, inaoshwa na maji, yaani ina bakteria. Ukiusaga na kuuchemsha bakteria wanakufa lakini ukuta wao unabaki, ile lipopolisakaridi inabaki. Na haifi kwa kuchemsha, haiondoki hata kwa ile mitungi ya mvuke tunayosafishia vifaa, kuitoa kwenye vyombo vya kioo inabidi uvioke kwenye joto kavu la nyuzi 250 nusu saa nzima. Sasa chukua mmea wako wenye nanogramu chache tu za hiyo kitu, zimwagie makrofaji. Zitawaka! Mtafiti ataandika "mmea huu unaamsha kinga ya mwili" na muuza vidonge atachukua sentensi hiyo aibandike kwenye kopo, kumbe kilichoamsha seli ni bakteria waliokufa waliokuwa wamekaa kwenye mizizi. Kuna namna ya kujua, kuna dawa inaitwa polimiksini B inaishika lipopolisakaridi, ukiiweka na athari ikapotea jua sio mmea. Ni kipimo kidogo, kinafanyika siku moja. Inaniuma kila nikikuta hakijafanyika, inaniuma kweli, maana kuna mtu mahali fulani anaumwa na atakuja kuisoma hiyo kazi kwa matumaini.

Na la tatu kwa haraka tu, makrofaji za panya zinatoa naitriki oksaidi nyingi sana kwenye kisahani, za binadamu zinatoa kidogo mno. Kwa hiyo hata hiyo waridi tunayoifukuzia, kwa mtu inaweza isiwe na maana tunayoipa.

Haya, sasa mama yangu, manjano. Kemikali yake inayosemwa sana ni kakumini, ndo inayoyapa ile rangi, na kwenye unga wa manjano iko kama asilimia 3 tu ya uzito wake. Kwenye kisahani kakumini ni bingwa. Inazuia NF-kapa-B isiachiwe, inapunguza TNF, inapunguza COX-2, inapunguza karibu kila kitu unachokipima. Na hapo ndo wakemia wakaanza kupata wasiwasi, maana molekuli inayofanya kazi kwenye kila kipimo kwa kawaida inavuruga vipimo vyenyewe. Kakumini ina rangi, inang'aa yenyewe ukiimulika, inabadilika na kuvunjika ikikaa kwenye maji, inajibandika kwa protini nyingi bila kuchagua. Mwaka 2017 kundi la wakemia liliipitia kazi yote iliyokuwa imefanywa juu yake, majaribio ya watu yakiwa zaidi ya 120, wakaandika wazi kwamba hawakuona hata jaribio moja lenye plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa, lililofichwa pande zote mbili, mgonjwa na mtafiti wote hawajui nani kapewa nini, lililofanikiwa bila utata. Wapo wanaowapinga, na yapo majaribio madogo ya watu wenye maumivu ya magoti yanayoonyesha nafuu kiasi, siyafichi. Lakini sikilizeni hesabu hii.

Kwenye kisahani tunatumia mikromola, kipimo cha ukolezi wa kemikali kwenye maji, 10, 20, wengine 50. Mwaka 2001 walipowapa watu gramu 8 za kakumini kwa siku, gramu 8 za kakumini tupu sio za manjano, kiwango cha juu walichokikuta kwenye damu kilikuwa kama mikromola 1.8. Na hao ndo waliopata nyingi, kuna tafiti nyingine haikuonekana kabisa. Utumbo hauipokei vizuri, na kidogo kinachopita ini linakibandika sukari na salfa na kukitoa. Kwa hiyo seli kwenye kisahani imeogeshwa kwa kiwango ambacho seli ndani ya mwili wako haitakaa ikione.

Basi watu wakasema tuisaidie ipite. Mwaka 1998 ilionekana ukichanganya gramu 2 za kakumini na miligramu 20 za piperini, ile kali ya pilipili manga, kiasi kinachoingia kwenye damu kinaongezeka kwa asilimia 2000. Namba hiyo mmeiona kwenye makopo, najua. Hawaandiki imewezekana vipi. Piperini inazuia zile njia ambazo utumbo na ini vinatumia kutoa kemikali ngeni, na njia hizo hazikuwekwa kwa ajili ya kakumini peke yake, ndo hizohizo zinazoshughulikia dawa nyingi za hospitali. Ukizifunga, dawa yako nyingine inaweza kupanda kwenye damu bila daktari wako kujua kwa nini. Na miaka ya karibuni madaktari wa Italia na Marekani wameandika kesi za watu walioumia ini wakiwa wanatumia vidonge vya manjano, wengi wao vile vilivyoongezewa nguvu kwa piperini, na wengi walikuwa na jeni moja ya kinga inayoitwa HLA-B*35:01. Fikirieni hilo kidogo. Mtu kameza kitu cha kushusha inflamesheni, na inaelekea mfumo wake wa kinga ndo uliogeuka ukawaka dhidi ya ini lake.

Simaanishi kwamba kemikali ya mmea haiwezi kufika kwenye seli ya kinga ikafanya kazi ya kweli. Ipo moja imepita mitihani yote niliyoitaja na mi huwa nawapa wanafunzi wangu waisome mpaka waielewe. Inaitwa kolkisini. Inatoka kwenye ua la zambarau linalochanua majira ya vuli, kiazi chake cha ardhini kina sumu ya kuua, hilo linajulikana toka enzi za Wagiriki. Ilitengwa mwaka 1820 huko Ufaransa na Pelletier na Caventou. Karne na karne imetumika kwa jongo, ule ugonjwa wa kidole gumba cha mguu kuvimba usiku mtu asiweze kuvumilia hata shuka kukigusa.

Inafanyaje? Nyutrofili ili itoke kwenye damu ikafike kwenye kiungo inatembea, inajivuta, na ndani yake ina nguzo nyembamba zinazojengwa na kubomolewa kila mara kutokana na protini ya tubulini. Kolkisini inaishika tubulini nguzo zisijengeke. Seli inashindwa kutembea vizuri. Halafu jongo lenyewe ni fuwele za asidi ya yuriki, na mwaka 2006 kundi la Jürg Tschopp lilionyesha fuwele hizo zinawasha mtambo ulioko ndani ya makrofaji unaoitwa inflamasomu ya NLRP3, ambao unakata IL-1 na kuiachilia, na kolkisini inauzuia mtambo huo pia. Sasa la muhimu kuliko yote, kolkisini inajikusanya ndani ya seli nyeupe za damu kuliko inavyobaki kwenye damu yenyewe. Ndo maana nusu miligramu inatosha. Kakumini gramu 8 haifiki, kolkisini nusu miligramu inafika, na inafika kwa seli inayohusika.

Wakaona kama inatuliza nyutrofili kwenye kidole, na kuta za mishipa ya moyo nazo zina moto unaofuka, tujaribu. Mwaka 2019 jaribio la COLCOT, watu 4,745 waliotoka kupata shambulio la moyo, waliopewa kolkisini waliopatwa tena na tatizo kubwa walikuwa asilimia 5.5 na wa plasebo 7.1. Mwaka uliofuata LoDoCo2, watu 5,522 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo wa muda mrefu, 6.8 kwa 9.6. Mwaka 2023 Marekani wakaiidhinisha kwa moyo. Nilifurahi sana. Halafu 2024 likaja jaribio kubwa kuliko yote mawili, watu 7,062, na tofauti ikapotea, 9.1 kwa 9.3. Nimekaa na namba hizo muda mrefu na bado sijaridhika na maelezo ya mtu yeyote, pamoja na yangu. Hata kitu kilichopita mitihani yote ya maabara kinaweza kukugomea kwa watu, na ndo maana mtu akiniambia "imethibitishwa" namuuliza kwa nani, kwa dozi gani, na walikuwa wangapi.

Na kwenye COLCOT kuna kanamba kadogo ambako wengi hawakaongelei. Nimonia. Waliopata nimonia upande wa kolkisini ni asilimia 0.9, upande wa plasebo 0.4. Ni wachache, ndiyo, lakini kanamaanisha kitu kikubwa. Zile nyutrofili ulizozifunga miguu zisiende kwenye mshipa wa moyo ndo zilezile zilitakiwa ziende kwenye pafu. Tuliliona hili kwa ukali zaidi na dawa za kuzuia TNF, hizo sio za mimea, zilipoanza kutumika kwa baridi yabisi, mwaka 2001 ziliripotiwa kesi 70 za kifua kikuu kilichoamka kwa watu waliokuwa wanatumia mojawapo, kwa sababu TNF ndo inayoshikilia ule ukuta wa seli unaowafungia bakteria wa TB wasitoke. Mtu alikuwa nao miaka hajui, ukaondoa TNF, ukuta ukalegea.

Kwa hiyo mtu akikuuzia kitu akakuambia hiki kinazima inflamesheni yote mwilini na hakina madhara, moja kati ya mawili, ama hakizimi, ama kina madhara. Mi sijawahi kuona ya tatu.

Kuna kitu kingine kutoka kwenye mimea ambacho hakiuzwi kwa kelele na kwa maoni yangu kina ushahidi mzuri zaidi wa jinsi kinavyofanya kazi kuliko hivyo vya makopo, nacho ni nyuzinyuzi. Hizi sisi wenyewe hatuwezi kuzisaga, zinateremka mpaka utumbo mpana na huko bakteria wanazichachusha wanatoa asidi ndogo inaitwa butireti. Butireti inakwenda moja kwa moja kwenye enzaimu zinazobana DNA, inazizuia, na mwaka 2013 makundi tofauti ya watafiti yalionyesha kwa panya kwamba asidi kama hizi zinazidisha seli zinaitwa T rekebishi, ambazo kazi yake ni kuziambia seli nyingine za kinga inatosha. Hapa hakuna shida ya kufika, inatengenezwa palepale ukutani mwa utumbo, seli za kinga ziko hatua chache tu. Na haizimi moto, inaongeza wazimaji, ambayo ni kitu tofauti kabisa.

Na nisiwaache mkidhani kazi ya mimea kwenye kinga ni kutuliza tu. Huko Chile kuna mti gome lake likisuguliwa na maji linatoa povu kama sabuni, unaitwa kilaya. Kwenye povu hilo kuna saponini moja inaitwa QS-21. Hii inafanya kinyume, inaichokoza kinga, ikichomwa na chanjo seli za kinga za eneo lile zinashtuka, zinakusanyika, zinaikamata chanjo na kwenda kuwafundisha wenzao kwenye tezi za limfu. Ile siku mbili za mkono kuuma ni inflamesheni tuliyoiomba wenyewe. Iko kwenye chanjo ya mkanda wa jeshi, na iko kwenye chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021. Ya pili, R21 ya Oktoba 2023, nayo ina saponini za mti huohuo. Watoto wanakingwa na malaria kwa msaada wa gome la mti linalowasha inflamesheni kwa makusudi, kwa dozi inayohesabiwa kwa mikrogramu, mahali pamoja, kwa siku chache. Nikisikia inflamesheni inatukanwa kila mahali huwa naikumbuka hiyo.

Mama, nusu saa yangu imekaribia kuisha. Manjano yanashusha inflamesheni kwenye kisahani changu, nimeona kwa macho yangu na hata seli zikiwa hai. Kwenye magoti ya mtu pengine kidogo. Kwenye mwili mzima kwa kidonge kimoja asubuhi, sijaona, na kidonge chenye piperini kama unatumia dawa ya presha, ya kisukari, ya kuyeyusha damu, au ini lako lilishawahi kusumbua, mpelekee daktari wako hilo kopo lenyewe alisome, usimwambie tu kwa mdomo natumia vya asili, maana atakuitikia tu na hataandika. Ukipata macho ya njano, mkojo mweusi, kuwashwa mwili mzima, acha siku hiyohiyo uende ukapimwe ini.

Ukitaka kuniuliza na ile ya tangawizi uliyoniambia mlangoni, maikrofoni iko pale kwa kaka mwenye shati la bluu, anza wewe mama, halafu wengine wafuate.